Maswali na Majibu: Shisti ya Katanga na Wanyama wa Bahari ya Kale

Tangu tulipochapisha maelezo mafupi kuhusu mwamba wa Burgess wa huko Kanada, ambao ni shisti, yaani tope la kale lililogeuka jiwe la matabaka, yenye visukuku (mabaki yaliyohifadhiwa katika jiwe) vya wanyama walioishi baharini miaka ipatayo milioni 508 iliyopita, barua za wasomaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miji ya migodi ya Katanga, zimekuwa zikifuatana. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa njia mbalimbali: sisi tunaoishi juu ya shisti na kula kwa jasho la shisti, wanyama wetu wako wapi? Tumechagua barua sita na kuzifupisha bila kugusa kiini chake.

Ndugu Mhariri, jambo sana. Ninafanya kazi katika karieri ya mawe ya ujenzi kandokando ya barabara ya Likasi. Juzi tulipasua jiwe la kijivu lililolala kwa matabaka, na ndani yake tukakuta michoro myeusi yenye umbo la matawi, mizuri ajabu, upande huu na upande ule. Mwenzangu anasema ni mmea wa baharini. Mwingine amekwisha kupata mnunuzi anayelitaka jiwe hilo kwa jina la "mnyama wa kale". Je, ni kisukuku kweli? (Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi)

Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotupa, hicho si kisukuku. Michoro hiyo huitwa dendriti, na aliyeichora ni maji. Maji yanayopenya ardhini huyeyusha manganizi kidogo kidogo na kuibeba. Yanapoingia katika ufa mwembamba kati ya matabaka mawili ya jiwe na kukutana na oksijeni, manganizi hujitenga nayo na kuganda palepale kwa rangi nyeusi, na kwa kuwa ufa ni mwembamba mno, haipati njia ya kukua ila kutandaa na kugawanyika matawi. Ndiyo maana mliikuta pande zote mbili za jiwe. Ufa ulikuwapo kabla ya nyundo yenu, ninyi mliufungua tu.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Azima lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia wanachotembea nacho wanajiolojia, kisha fuata tawi moja hadi linapoanzia. Dendriti huanzia kwenye ukingo wa jiwe au kwenye ufa mwingine unaoukata ule wa kwanza, kwa sababu huko ndiko maji yalikoingilia. Jani la mmea lina mshipa wa kati na ukingo unaokoma mahali panapojulikana. Mnyama ana mbele na nyuma, ana upande wa kulia unaolingana na wa kushoto, na mara nyingi ana pingili zinazofuatana kwa mpango. Dendriti haina lolote kati ya hayo: matawi yake hugawanyika popote, hayana idadi maalumu, na hukoma ovyo. Mwishowe kwaruza kwa ncha ya sindano mahali pasipoharibu uzuri wake, nawe utaona kwamba weusi ule ni utandu wa juu tu, na jiwe lililo chini yake halikubadilika.

Katika nchi yetu yenye kobalti na manganizi nyingi, hadi kukawa na mgodi mzima wa manganizi kule Kisenge, dendriti ni kitu cha kila siku, na walioidhania kuwa majani si wajinga. Hata wasomi wa Ulaya wa karne zilizopita waliichora wakiamini ni mimea. Kuhusu yule mnunuzi, mwuzieni kwa jina lake halisi. Dendriti safi nayo ina watu wanaoipenda.

Bwana Mhariri, mimi nimezeekea migodini, na maneno "shale" na "SD", yaani hizi shisti zetu, nimeyasikia tangu ujana wangu kule Kambove. Mnasema shisti ya Kanada ilitokana na tope la bahari. Yetu nayo wahandisi walituambia ilitokana na tope la bahari. Mbona miaka yote ile, katika mashimo yale makubwa, hatukuona hata konokono mmoja? (Mzee wa Likasi)

Mzee wetu, swali lako ndilo kitovu cha barua zote tulizopokea, na jibu lake ni umri. Tope lililozaa shisti yenu lilitua kabla ya kuwapo konokono yeyote duniani.

Wewe unayajua matabaka ya mgodi kwa mpangilio wake, lakini tuyataje kwa ajili ya wasomaji ambao hawajashuka shimoni. Chini iko RAT, yale mawe ya udongo na talki. Juu yake huja D Strat, dolomiti (jiwe la jamii ya chokaa) iliyolala kwa utando baada ya utando, kisha RSF yenye tabaka jembamba jembamba, kisha RSC, lile jiwe gumu lenye vitundu linalochosha vyuma vya kutobolea. Juu ya RSC ndipo zinapokuja SD zenyewe, yaani shisti zenye dolomiti, na mwisho CMN, chokaa yenye madini meusi. Shaba na kobalti nyingi hukaa katika mikanda miwili, mmoja chini ya RSC na mwingine juu yake, na RSC yenyewe katikati mara nyingi huwa maskini.

Sasa tazama hiyo RSC mnayoidharau. Mahali ambapo haikuoza sana huonyesha mistari iliyopinda kuelekea juu, utando juu ya utando, kwa umbo la vibumba vilivyobebana. Hizo ni stromatoliti. Katika bahari ya kina kifupi, yenye chumvi nyingi, bakteria walitandaza ngozi laini juu ya sakafu. Vumbi la chokaa liliponasa juu yake, walipanda kutafuta mwanga na kutandaza ngozi nyingine, na hivyo hivyo kwa karne nyingi. Kwa hiyo uliona visukuku vingi sana katika kazi yako, Mzee. Ulivipasua kwa baruti. Havikuwa vya wanyama, lakini vilikuwa ni kazi ya viumbe hai, na ndivyo pekee ambavyo bahari ile ingeweza kutuachia vikaonekana kwa macho.

Matabaka ya migodi yetu ni machanga kuliko miaka milioni 880 na ni ya kale kuliko milioni 765 hivi. Namna tunavyojua hilo nimeieleza katika jibu la tano. Wanyama wa kwanza wenye miili mikubwa ya kuacha alama iliyo wazi wanaonekana katika mawe ya miaka milioni 575 hivi iliyopita. Katikati ya nyakati hizo mbili dunia ilipitia baridi kali mno, na ushahidi wake uko hapa hapa kwetu: lile tabaka linaloitwa Grand Conglomérat, lenye mawe ya kila ukubwa yaliyochanganywa ovyo katika tope gumu, liliachwa na barafu ya kipindi cha baridi kilichoanza miaka kama milioni 717 iliyopita, na Petit Conglomérat iliyo juu yake ni ya baridi ya pili, iliyokwisha miaka milioni 635 hivi iliyopita. Anayesafiri kwenda Kundelungu kutazama maporomoko ya Lofoi hupita juu ya historia hiyo yote bila kujua.

Kisha mabara yakasukumana. Bahari ikafungwa, na matabaka yaliyokuwa yamelala yakakunjwa, yakakatika na kupandiana, ndipo ukatokea ule upinde wa milima ambao wanajiolojia wanauita upinde wa Lufira, na kukunjwa huko kulifikia kilele chake miaka ipatayo milioni 530 iliyopita. Hesabu mwenyewe: wakati wanyama wa Burgess walipokuwa wakitambaa juu ya tope lao, Katanga ilikuwa nchi ya milima, na tope lake lilikuwa limekwisha kuwa jiwe kuukuu.

Niongeze jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. SD nyeusi ni nyeusi kwa sababu ya kaboni, na kaboni hiyo ni mabaki ya viumbe vidogo vya bahari ile. Wanajiolojia wengi wanaona kwamba mabaki hayo, pamoja na bakteria waliopumua salfeti, chumvi ya salfa iliyomo baharini, badala ya oksijeni na kutoa salfaidi, ndiyo yaliyotega shaba iliyokuja imeyeyuka katika maji ya chumvi na kuifanya itulie pale. Ikiwa ni hivyo, uhai wa bahari yetu haukuacha mifupa, uliacha shaba.

Ndugu Mhariri, ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanajua kwamba kisukuku hutokana na mfupa au gamba. Mliandika kuwa mwamba wa Burgess una wanyama laini, hata matumbo yao yanaonekana. Jambo hilo linawezekanaje? Nami niwaambie wanafunzi kwamba waliishi wanyama gani? (Mwalimu wa Kamalondo)

Mwalimu, wanafunzi wako wamefundishwa vema, kwa kuwa mahali pengi duniani ndivyo ilivyo: nyama huoza kwa siku chache, gamba hubaki. Ndiyo sababu mahali pachache palipokataa kanuni hiyo pana thamani kubwa.

Mwamba huo uko katika milima ya Rocky, jimbo la British Columbia, ndani ya hifadhi ya Yoho. Mafundi wa reli ya Kanada walikuwa wamekwisha kuokota trilobiti, wanyama wa kale wa baharini wenye gamba na pingili, katika mlima wa Stephen ulio karibu, na mwaka 1886 mjiolojia Richard McConnell alizikusanya. Lakini aliyeifikia shisti yenye wanyama laini ni Charles Walcott, mkuu wa taasisi ya Smithsonian ya Washington, mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka 1909. Husimuliwa kwamba farasi wake alijikwaa kwenye bamba la jiwe na kisukuku kikafunuka. Simulizi ni tamu, ila shajara ya Walcott mwenyewe haiiungi mkono. Lililo hakika ni kwamba alirudi tena na tena hadi mwaka 1924, akiwa na mkewe na watoto wake, akapasua mabamba kwa nyundo, patasi na baruti, na kupeleka Washington vipande zaidi ya 65,000.

Miaka milioni 508 iliyopita eneo hilo lilikuwa chini ya bahari, karibu na ikweta, katika joto linalofanana na letu. Kulikuwa na ukuta mrefu wa chokaa chini ya maji, na chini ya ukuta huo wanyama waliishi juu ya tope na ndani yake. Mara kwa mara tope lililokaa vibaya kwenye mteremko liliporomoka, likashuka kwa wingu zito, likawazoa wanyama walio njiani na kuwafukia wakiwa hai au punde baada ya kufa. Tunajua walizolewa kwa sababu wamelala kila namna: mwingine chali, mwingine ubavu, mwingine amesimama kichwa chini, jambo ambalo mnyama aliyekufa taratibu sakafuni hawezi kulifanya.

Kufukiwa peke yake hakutoshi, maana bakteria hawahitaji ruhusa ya kuingia kaburini. Tope lile lilikuwa laini kupita kiasi, likaziba kila upenyo. Maji ya ndani yake yalikuwa na oksijeni kidogo au hayakuwa nayo kabisa. Mwaka 2012 watafiti walioichunguza shisti ya Kanada pamoja na ile ya Uchina walionyesha kwamba mapema sana, juu ya kila utando wa tope, chokaa iliganda na kuwa kifuniko, na kifuniko hicho kiliwanyima bakteria salfeti waliyohitaji ili waendelee kula. Kazi ya kuozesha ikakatika katikati. Kilichobaki cha mnyama kilishindiliwa na uzito wa matabaka hadi kikawa utando wa kaboni mwembamba kuliko karatasi ya sigara, na katika baadhi ya sehemu madini ya udongo yakachukua mahali pa viungo.

Ukishika bamba lenye Marrella, mnyama mdogo asiyezidi sentimita mbili na nusu, mwanzoni huoni kitu. Jiwe ni jeusi, naye ni mweusi. Ligeuze bamba hilo polepole mbele ya dirisha: mwanga ukija kwa mshazari, utando wake unang'aa kwa rangi ya fedha, na ghafla zinatokea pembe nne zilizopinda kuelekea nyuma, miguu mingi myembamba na matamvua ya kupumulia. Wachunguzi hulowesha jiwe au hulimulika kwa mwanga wa polaraizi ili tofauti iongezeke. Nyuma ya wengi wao kuna doa jeusi lisilo na umbo. Ni majimaji ya mwili yaliyokamuliwa nje walipofukiwa na kuanza kuoza. Nadhani hakuna kitu katika mwamba ule kinachotuleta karibu na kifo cha mnyama mmoja kama doa hilo. Marrella ndiye mwenye miguu yenye pingili aliyeokotwa kwa wingi kuliko wengine katika shimo la Walcott. Vielelezo vyake vimepita 25,000.

Wako wengine wa kuwaeleza wanafunzi. Ottoia alikuwa mnyoo mnene aliyechimba tope na kutoa mdomo wenye miiba. Ndani ya utumbo wake bado vinaonekana vigamba vya wanyama aliowameza. Sifongo walisimama kila mahali. Anomalocaris alikuwa mkubwa wao, mwindaji aliyeogelea kwa mapezi ya ubavuni, mwenye mikono miwili yenye miiba mbele ya mdomo. Na yuko Pikaia, wa sentimita tano hivi, bapa, mwenye misuli iliyopangwa kwa mikunjo, ambaye wataalamu humweka katika ukoo uliozaa samaki, vyura, ndege na wewe Mwalimu pamoja na darasa lako. Hata hivyo, usiwaambie kwamba Pikaia ndiye babu yetu mwenyewe, kama baadhi ya vitabu vinavyopenda kuandika. Katika shisti ya Chengjiang, mkoa wa Yunnan huko Uchina, ambayo ina miaka milioni 518 hivi, walikwisha kupatikana wanyama walio karibu na samaki zaidi kuliko yeye, nao wamemtangulia kwa miaka milioni kumi.

Jambo Mhariri. Katika simu yangu nina picha mbili za mnyama wa Burgess aitwaye Hallucigenia. Katika moja anatembea juu ya miiba, katika nyingine miiba iko mgongoni. Rafiki yangu ananicheka, anasema wataalamu hao wanabahatisha. Nimjibu nini? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Lubumbashi)

Kijana wetu, picha zote mbili ni za kweli kwa maana kwamba zote zilichapishwa na watu makini. Ya kwanza ilitoka mwaka 1977 kwa mkono wa Simon Conway Morris wa Cambridge. Alikuwa na vielelezo vichache, ambavyo vilionyesha jozi za miiba mirefu migumu upande mmoja na mstari mmoja wa vijikono laini upande wa pili. Miiba iko jozi jozi, vijikono viko mstari mmoja. Kwa hiyo akaona miiba ndiyo miguu. Mwaka 1991 Lars Ramsköld na Hou Xianguang walimgeuza. Hou ndiye aliyeigundua shisti ya Chengjiang mwaka 1984, na kutoka huko walikuwa na jamaa za Hallucigenia wenye miguu laini iliyo wazi na mabamba magumu mgongoni. Ramsköld akaendelea kuchimbua kielelezo kimoja kwa uangalifu, na chini ya utando wa jiwe ukatokea mstari wa pili wa miguu, yenye kucha. Ilikuwamo siku zote, imefunikwa na jiwe.

Hayakuisha. Mwisho mmoja wa mnyama huyo ulikuwa na uvimbe mkubwa wa mviringo, na wengi waliuita kichwa. Mwaka 2015 Martin Smith na Jean-Bernard Caron walitumia darubini ya elektroni wakaona kwamba uvimbe ule ni doa la majimaji yaliyomtoka, sawa na lile la Marrella, na kwamba kichwa kiko mwisho mwingine, kikiwa na macho mawili madogo na meno. Kwa hiyo alikuwa amechorwa juu chini na pia nyuma mbele.

Kisa cha Anomalocaris kilichukua muda mrefu zaidi. Mkono wake ulielezwa mwaka 1892 kuwa ni mwili wa mnyama wa jamii ya kamba, asiye na kichwa. Mdomo wa duara wa jamaa yake wa karibu Walcott aliuita kiwavi cha baharini mwaka 1911 na kuupa jina la Peytoia. Mwili wa jamaa huyo ulipewa jina la tatu, kama jongoo wa bahari. Harry Whittington na Derek Briggs ndio waliounganisha vipande hivyo mwaka 1985, na hata hapo hawakukusudia. Whittington alikuwa akichimbua kwa sindano kipande alichodhani ni cha mwili mtupu, mikono na mdomo vikajitokeza mahali pake. Mtu huyo huyo ndiye aliyewaonyesha wenzake mchoro wa Opabinia huko Oxford mwaka 1972, mnyama mwenye macho matano na mkonga unaoishia kwa koleo, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Macho matano yamehesabiwa tena na tena tangu siku hiyo, nayo bado ni matano.

Hivi karibuni, mwaka 2024, ilikuwa zamu ya Pikaia. Uchunguzi mpya ulionyesha kwamba mfereji uliodhaniwa kuwa mshipa wa tumboni ni kamba ya neva, na kilichodhaniwa kuwa kiungo cha mgongoni ni utumbo. Naye sasa amepinduliwa.

Mwambie rafiki yako aangalie kinacholeta mabadiliko hayo. Kila mara ni jiwe: ama kielelezo kipya kimepatikana, ama utando mmoja umeondolewa juu ya kile cha zamani, ama chombo kipya cha kutazamia kimeletwa. Anayebahatisha hana sababu ya kubadili neno lake. Mimi ninayeandika safu hii naona kosa la Conway Morris la mwaka 1977 lilikuwa na faida, kwa maana alichora kila alichokiona kwa usahihi kiasi kwamba waliokuja baadaye waliweza kumsahihisha kwa kutumia vipande vilevile.

Baba Mhariri, mimi ni mama wa Katuba, sikusoma sana. Hii hesabu ya milioni mia tano nani aliihesabu? (Msomaji wa Katuba)

Mama, swali lako ni la msomi. Milima ya moto inapolipuka hutoa chembe ndogo ngumu zinazoitwa zirkoni, nazo huzaliwa na urani kidogo ndani yake, karibu bila risasi. Urani hugeuka risasi polepole kwa mwendo usiobadilika. Nusu ya urani ya aina ya kawaida huchukua miaka kama bilioni 4.5 kugeuka. Mtu akipima kiasi cha urani na risasi ndani ya chembe, anapata umri wake.

Kwa Katanga, matabaka ya kwanza yalitua juu ya jiwe la graniti la Nchanga, ng'ambo ya mpaka huko Zambia, lenye miaka milioni 880 hivi, kwa hiyo ni machanga kuliko hilo. Lava iliyomwagika kaskazini-magharibi ya Zambia, katika matabaka yaliyo juu ya yale ya migodi, ina umri wa kati ya milioni 765 na 735, kwa hiyo ya migodi ni ya kale kuliko hiyo. Umri wa mwamba wa Burgess ulipatikana kwa kufananisha trilobiti zake na trilobiti za aina zilezile katika nchi nyingine, ambako matabaka yana majivu ya kupimika.

Ndugu Mhariri, basi katika Kongo yetu hakuna visukuku vya wanyama ndani ya shisti? Na mtu akivipata afanye nini? (Msomaji aliyetoka Kalemie, anayeishi Ruashi)

Viko, ila si katika matabaka ya shaba. Kandokando ya mto Kongo, kati ya Kisangani na Ubundu, kuna shisti nyeusi zenye mafuta na chokaa nyembamba, za kipindi cha Jura, yaani zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, na ndani yake samaki wenye magamba mazito yanayong'aa walitolewa tangu wakati wa Wabelgiji. Vielelezo vingi viko katika jumba la makumbusho la Tervuren, huko Ubelgiji. Wengi wao waliishi katika maji ya ziwa. Wewe wa Kalemie una vya kwenu: katika matabaka ya makaa ya mawe ya Lukuga yako majani ya Glossopteris, mmea wa kipindi cha Permi ulioota pia Afrika Kusini, India, Australia na Antaktika wakati nchi hizo zilipokuwa bara moja. Hayo ni majani ya kweli, yenye mshipa wa kati ulionyooka na vishipa vinavyoungana pande zote mbili kuwa wavu, nawe ukiyaweka kando ya dendriti hutayachanganya tena.

Ukipata bamba unalolishuku, chukua pande zote mbili. Jiwe la shisti likipasuka, kisukuku hugawanyika: nusu hubaki huku na alama yake kule, na mara nyingi kiungo kinachokosekana upande mmoja kiko upande wa pili. Kila upande ufunge katika gazeti peke yake na uutie namba ileile. Usiuoshe kwa asidi wala kwa ndimu, usiupake vanishi, usijaribu kuuchonga kwa kisu. Andika siku ileile jina la karieri au kijito, kina cha shimo, na aina ya jiwe lililo juu na chini yake, kwa kuwa mchunguzi atakuuliza hayo kabla ya kuuliza jambo lingine lolote. Kisha upeleke katika idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Tahadhari moja kwa wanaookota mawe upande wa Likasi na Shinkolobwe: jiwe jeusi lililo zito kupita ukubwa wake, au lenye ukoko wa njano kali au wa kijani kinachong'aa ambao si malakiti mnayoizoea, linaweza kuwa na urani. Liacheni lilipo, na hasa lisiingizwe katika chumba wanacholala watoto.

Wasomaji wanaotaka kututumia picha wapige asubuhi au jioni, jua likija kutoka ubavuni, waweke rula kando ya jiwe, na wapige picha mbili: moja jiwe likiwa kavu, nyingine likiwa limeloweshwa kwa maji safi.